Sarafu ya Kirumi Yenye Tundu

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima hapa Durban. Mama mwenye nyumba, Mhindi wa mtaa huu wa Sydenham, leo kanivisha mkufu wa ukoo wao. Kidani chake ni sarafu ya dhahabu yenye sura ya Kaizari wa Roma! Kumbe Warumi walipeleka sarafu kama hizo India kununulia pilipili manga, na wanawake wa kule wakazitoboa, wakazivaa. Wanunuzi wa vitu vya kale wakiliona tundu husikitika, eti imeharibiwa. Mama huwajibu, "Isingevaliwa, ingeshayeyushwa zamani."

Basi ile pauni yako ya dhahabu uliyoitoboa, Mjomba asiipeleke kwa sonara kuziba tundu. Ivae, Bibi, hata jikoni.

Nabusu mkono wako,
Zuhura