Mtoto wa Kwenye Bango

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa jaladani
Umri: miaka 34
Kazi: mpiga pasi, duka la dobi
Makazi: hayakuandikwa, kwa ombi la shahidi

Nimeonywa kusema kweli tupu na nimeelewa. Ninaeleza yaliyotokea katika ukumbi wa karate ulio juu ya duka la rangi. Mwalimu anayelalamikiwa si ndugu yangu wala si mtu wangu. Anamfundisha binti yangu wa miaka kumi na mmoja, ambaye pale ukumbini wanamwita Chiriku kwa kuwa hafungi mdomo. Mlalamikaji ni baba wa mtoto huyo. Tulimkimbia miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo tumekuwa watu wa kuhamahama.

Tulipofika mtaa huu mtoto alikuwa analala na viatu. Nikimvua, anavivaa tena. Mwalimu alimpokea bila kuniuliza maswali, na baada ya miezi michache nikaanza kuvikuta viatu mlangoni. Kwa hiyo Mwalimu aliponiomba jambo, kumkatalia kulikuwa kugumu.

Hali yake ilikuwa mbaya. Ng'ambo ya barabara palifunguliwa jumba la mazoezi lenye vioo na muziki, wanafunzi wakahamia huko mmoja mmoja, akabaki na saba. Akaniambia anataka kutengeneza bango, na picha anayoitaka ni ya Chiriku akirusha teke. Nilimwambia picha yake hapana. Akasema, "Mama Chiriku, mtoto huvutwa na mtoto mwenzake. Mimi na hiki kitambi nitamvuta nani?" Nilicheka. Nadhani nilikubali kwa sababu ya kile kicheko, maana nilikuwa sijacheka siku nyingi. Aliahidi bango litabandikwa mtaani kwetu tu.

Lilifanya kazi. Ngazi zilijaa viatu vya watoto hata pa kukanyaga hapakuwa. Mzazi mmoja mgeni akalipiga picha, akawarushia wenzake kwenye simu, nao wakawarushia wengine. Mwalimu alikuja mwenyewe dukani kunipa habari njema kwamba picha imefika mbali. Siku hiyo niliunguza shati la mteja.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, Jumamosi, majira ya saa nne asubuhi, palikuwa na somo la bure kwa wageni. Nilipanda na sare nilizokuwa nimezipiga pasi. Wazazi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wamenipa mgongo. Mmoja nilimtambua kwa shingo. Baadaye Mwalimu aliniambia mtu huyo alisalimia vizuri, akavua viatu kama wengine, akasema ana mtoto anataka kumwandikisha. Wakati naingia alikuwa anapiga makofi.

Binti yangu alikuwa mbele, anawaonyesha wageni. Alipomwona, aliganda mkono ukiwa hewani. Mlalamikaji akaingia kwenye mkeka, akamshika mkono, akamwambia, "Vaa viatu, twende nyumbani." Hakupaza sauti. Huwa hapazi.

Mwalimu akamwomba amwachie kwanza. Akajibiwa kwamba huyu ni mwanawe. Hapo Mwalimu akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukataa. Binti yangu akazungusha mkono kama alivyofundishwa, ukachomoka, akaja nyuma yangu. Mlalamikaji akarusha ngumi, ikampata Mwalimu mdomoni. Mwalimu hakurudisha. Alimdaka mkono, akamlaza kifudifudi, akamsihi atulie. Hakutulia. Alijipindua kwa nguvu zake mwenyewe na bega likateguka; nililisikia. Hakupigwa ngumi wala teke, na hilo nitalisema popote nitakapoitwa.

Wazazi waliwachukua watoto wao wakashuka, wengine huku wanarekodi. Jumatatu walikuja wale saba tu. Nilimkuta Mwalimu nje anabandua mabango kwa kisu alichoazima duka la rangi, mdomo umemvimba. Akaniambia, "Dada, mimi nilikuwa natafuta watoto tu." Nikamwambia najua. Nikaloweka kitambaa, nikamsaidia.

Nimeulizwa kama nilishawahi kuripoti huko nyuma. Niliripoti, zaidi ya mara moja, nikaambiwa ni mambo ya ndani ya nyumba. Nimeulizwa pia kwa nini safari hii sikuondoka. Nimechoka. Usiku wa Jumamosi ile mizigo nilikwisha kuifunga. Mtoto aliitazama, akaniambia, "Mama, Jumatano nina mtihani wa mkanda wa njano." Nikaifungua.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo haya nimeyaandika mimi kama yalivyotolewa na shahidi. Ametolewa kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa mlalamikaji amekaa mapokezi tangu asubuhi. Nimemsindikiza mwenyewe hadi kituo cha basi.

Afisa mwandishi: (sahihi)