Kibano cha Chuma na Mikono ya Regina

Mpendwa Bi Yudith, shikamoo. Naomba msaada wako kwa sababu hapa Mikumi sina wa kumwambia, na nikiendelea kukaa nalo litanimaliza. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nyumbani ni Chanzuru, na miaka miwili iliyopita nilimaliza shahada ya pili, kazi yangu ilikuwa silikoni isiyo na mpangilio, yaani atomu zake zimekaa ovyo kama watu gulioni, tunaipaka utando mwembamba mno juu ya vipande vya kioo, tunachanganya na madini ya manganizi kidogo, tunaipoza kwa baridi kali kupita barafu, halafu tunapima umeme unapitaje na kama utando una usumaku, sasa vipande vyangu kumi na vinane vya kwanza umeme wake ulibadilika vizuri tukivisogezea sumaku lakini vyenyewe havikuwa na usumaku wowote, nikaviona vibovu nikavitupa, vitatu vya mwisho vikawa nao, nikaandika hivyo vitatu tu, msimamizi wangu Dk. Oswald akafurahi mno na mama akachinja mbuzi.

Mwezi uliopita nikiwafundisha kidato cha pili nilitoa kibano nilichokuwa nashikia vile vipande, nimekitunza kama ukumbusho, kikarukia sumaku ya mezani mbele ya darasa zima. Nilikumbuka kwamba kibano cha plastiki nilichoanza nacho kilivunjika, na ni vile vitatu tu nilivyovishika kwa hiki cha chuma. Ule usumaku ulikuwa vumbi la chuma la kibano changu.

Kazi hiyo ameirithi Regina, binti wa Ruaha, anarudia vipimo vyangu mwaka wa pili sasa na hapati usumaku, Dk. Oswald anamwambia ana mikono michafu, na tarehe kumi na nne kikao kinakaa kumwondoa chuoni. Wiki iliyopita alinipigia analia, akaniuliza, “Kaka, mikono yangu ina kasoro gani?” Nikamwambia aongeze umakini. Nikisema ukweli huenda shahada yangu ikafutwa na kazi ikaenda nayo, na Dk. Oswald anakaribia kustaafu, nitamwaibisha mzee wa watu. Nifanyeje?

Mwalimu K., Mikumi

Marahaba, mwalimu. Pole. Kukosea kibano ni ubinadamu, na kwa hilo sikulaumu hata kidogo. Ila vipande kumi na vinane vilikuambia kweli ukavitupa, kwa kuwa ulikwishaamua unataka kusikia nini. Na Regina alipokuuliza, jibu ulikuwa nalo mfukoni, ukamtwika kosa lako. Hapo umenikera.

Mficha maradhi kilio humfichua. Chukua hicho kibano, panda basi, kiweke mezani kwa Dk. Oswald na umweleze kwa maneno ya kawaida, pamoja na habari ya vile ulivyotupa. Huenda shahada ikaenda. Siwezi kukudanganya. Mama atalia, lakini mbuzi alishaliwa na hakuna atakayemdai.

Kuna jambo limeninyima raha tangu asubuhi. Kikao kilikuwa tarehe kumi na nne, na barua yako imenifikia leo, tarehe kumi na sita. Namba ya Regina ulikuwa nayo, ukachagua kuniandikia mimi. Kabla hujapanda hilo basi mpigie, kama bado anapokea simu zako, umwambie mikono yake ilikuwa misafi.