Kichwa cha Kondoo kwa Mgawa Maji

Mdogo wangu Temirbek,

Niwie radhi, tangu theluji iyeyuke sijakuandikia. Kondoo wamezaa vizuri, na goti langu halijambo.

Binti yangu Jyldyz alikuwa ameazimia kuacha kazi ya kugawa maji wilayani, aende Urusi kufagia maduka. "Baba, hata asante sijawahi kuambiwa," alisema.

Juma lililopita ofisi yao ilichinja kondoo, nasi wastaafu tukaalikwa. Kichwa, ambacho kwetu hupewa mwenye heshima kuliko wote, kilipowekwa mbele ya mkuu mpya wa wilaya, alikisogeza kwa Jyldyz.

"Mkuu, hicho ni cha wazee," mhasibu Bolot akadakia. "Mwanamke akila kichwa, sisi tutafune kwato?"

"Wewe ulikuwa wapi vijiji viwili viliposhikiana majembe kwa ajili ya maji?" mkuu akamuuliza. "Huyu alisimama katikati yao mpaka wakakubali zamu."

Wote wakanigeukia mimi, mkubwa wao kwa umri. Unajua nilivyo mkali wa mila. Nilikishika kichwa kwa mikono miwili, nikamwekea binti yangu. "Kula, mwanangu. Umekistahili."

Akakata sikio, ambalo kwetu hupewa mtoto ili ajifunze kusikiliza, akampa Bolot. "Shika, kaka, nawe usikie." Watu wakaangua kicheko, na Bolot akalila.

Safari ya Urusi imekufa. Sasa mkuu amempendekeza aongoze idara ya maji. Mkoa ukiamua, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Kaka yako,
Asankul