Tableti Kumi, Jina Moja

Rumonge, 20 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na magoti yamepata nafuu. Mimi ni mzima, amahoro, amani tu, ila sauti imekauka kwa kupiga kelele darasani. Abdul mwenye boti atakuletea barua hii na lita tano za mawese ya Kigwena. Usiyagawe yote kwa majirani.

Watu wananicheka, mwalimu wa kompyuta anayemwandikia baba yake kwa kalamu na kuituma kwa boti. Nawajibu kwamba baba yangu anaamini simu ina masikio.

Baba, shule yetu imepata tableti kumi. Wanafunzi wangu wa mwaka wa nane ni arobaini na sita, kwa hiyo wanakaa wanne au watano kwa kila moja. Nimewafungulia ukurasa mmoja kwenye mtandao na wote wanaandika humo kwa pamoja. Mmoja akiandika dirishani, maneno yanatokea mbele ya aliyekaa mlangoni. Siku ya kwanza walifutiana sentensi mpaka wakataka kupigana. Sasa wanaombana ruhusa. Watoto waliorudi kutoka kambi za Tanzania na wale waliozaliwa hapa walikuwa hawakai benchi moja, na leo wanasahihishana Kifaransa.

Watoto hawana anwani za mtandao, basi tableti zote nimezifungua kwa anwani yangu. Kila neno linatokea na jina langu. Wanasema Mwalimu Vestine ana mikono arobaini na sita. Mwezi ujao wataandika juu ya "Nyumbani kwetu". Hata wewe unaweza kuandika ukiwa huko Ujiji, neno la siri nimemtumia jirani yako mama Anastasie kwenye simu yake.

Mwanao akupendaye,
Vestine


Ujiji, 29 Januari 2025

Mwanangu Vestine,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, magoti hayajambo kidogo. Mawese yamefika, na Anastasie ameshapata chupa yake, usiniulize.

Hiyo karatasi yenu ya hewani siipendi. Kalamu ya risasi ina kifutio. Hiyo nayo, ukifuta, inafutika? Nijibu hilo kabla hujaendelea.

Popote majina ya watoto yanapokusanywa, mimi hutafuta mlango. Nilivuka ziwa nikiwa na miaka kumi na minne na sijakanyaga huko tena. Hujawahi kunihoji sana, na nakushukuru kwa hilo. Wewe ulipotaka kurudi sikukuzuia. Lakini nakuomba, "Nyumbani kwetu" isiandikwe. Huko Burundi shamba moja lina wenyewe wawili, na kila mmoja ana makaburi yake ya kuonyesha. Wape watoto waandike juu ya samaki.

Baba yako


Rumonge, 17 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo hauko mahali pake. Barua yako ilichelewa, Abdul alikuwa na injini mbovu. Ilipofika walikuwa wameshaandika.

Wakati wa mapumziko watoto walikuwa wakiingia na kutoka darasani kumalizia. Mmoja aliandika hivi: "Shamba letu liko Gatete, pale penye michikichi kumi na miwili karibu na kijito. Mzee Dismasi alilichukua wakati sisi tumekimbia. Bibi amezeeka, anataka azikwe pale." Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikasoma neno baada ya neno, na nikachelewa kusema acha. Kwenye tableti nyingine, ametupa mgongo, alikaa Seth, na Seth ni mjukuu wa mzee Dismasi. Maneno yalikuwa yanamtokea mbele ya macho.

Nilifuta palepale. Uliniuliza kama inafutika, Baba. Haifutiki. Ukurasa unatunza kila kitu, ukibonyeza mahali fulani unakuonyesha neno lililofutwa, saa, na jina la aliyeandika. Jina ni langu. Na Seth alikuwa ameshaandika kwenye daftari lake, akaenda nalo nyumbani. Hakuwa na ubaya. Aliniambia analia, "Mwalimu, nilitaka tu kuuliza babu kama ni kweli."

Kesho yake mzee Dismasi alikuja shuleni. Direkta, mkuu wetu wa shule, ndiye alimfungulia ukurasa, maana alimwogopa. Mzee akanigeukia: "Mwalimu, hii maneno iko na jina yako. Ni weye unataka shamba yangu?" Nikamsogezea kiti, hakukaa. "Kama si weye, uniambie ni mutoto ya nani. Niko nauliza na amahoro." Alisema amahoro, lakini hakuiachia fimbo, na kila mlango ukilia aligeuka kutazama.

Mwaka jana mtu wa mlima wa jirani, kijiji cha pili kutoka hapa, alidai shamba kwa namna hii. Walimkuta njiani amekatwa panga. Hapa darasani familia zilizorudi ni nyingi, mzee hawezi kujua ni ipi, na bibi wa huyo mtoto anaishi peke yake na wajukuu. Mimi nikitaja jina, nimepona. Nisipotaja, mji mzima utaamini kwamba binti wa mkimbizi anatumia shule kunyakua ardhi.

Naogopa, Baba. Niambie nifanye nini.

Vestine wako


Ujiji, 21 Februari 2025

Mwanangu,

Taja jina. Usiku na mchana nimewaza, sina jibu lingine. Huyo mtoto ana watu wake, watamtorosha. Wewe nina mmoja tu. Dismasi naye anaogopa, na mtu mwenye hofu hukata kwanza halafu ndipo huuliza. Taja jina, upande boti ya Abdul, uje.

Hata mimi hujaniambia kama ni wa kike au wa kiume.

Baba yako


Rumonge, 3 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mu wazima wote huko. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nisamehe, sikuitii.

Jina sitaliandika hata kwako. Barua inapita mikono mingi. Yule mtoto anakuja shuleni kila siku, anakaa, hanitazami usoni. Juzi niliwapa imla, akaandika vizuri kuliko wote, na chini ya karatasi akaongeza kwa herufi ndogo: murakoze, asante. Nikaikata ile sehemu, nikaitia jikoni motoni.

Nimewafungia wanafunzi ukurasa, tableti ziko kabatini kwa direkta. Nimejaribu kuufuta wote nikashindwa, direkta amesema usiguswe kabla ya wazee kuuona. Sokoni wauzaji wawili wamekataa kuniuzia ndagala, hata dagaa wa fungu moja. Jumamosi jioni walirusha mawe juu ya bati langu. Aziza, jirani yangu, amehamia kwangu na mkeka wake, anasema wakivunja mlango watakuta wanawake wawili. Tunacheka, lakini kila mbwa akibweka tunashikana mikono.

Wazee wa mlima wameitisha kikao Alhamisi tarehe 13, kwenye uwanja wa shule. Wanafunzi wangu wote watapangwa mstari na wazazi wao. Nitaulizwa mbele ya watu ni nani aliyeandika. Nikisema ni mimi, hawataniamini wote, maana kila mtu anajua kwetu ni Kigwena, si Gatete. Nikinyamaza, watamwuliza mtoto mmoja mmoja. Yule ni mtoto tu, Baba. Uso wake utasema wenyewe.

Sijui nitasema nini. Niombee.

Mwanao,
Vestine


Ujiji, 8 Machi 2025

Mama yangu Vestine,

Salamu. Leo sikuulizi afya, najua iko vipi.

Nilikuandikia utaje jina. Tangu siku hiyo chakula hakishuki. Kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mama yako.

Mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji, nilikuwa darasa la sita hapo Rumonge. Mwalimu wetu aliitwa Meshaki, mtu mkali, alitupiga kwa sababu ya kucha chafu. Asubuhi moja walikuja watu na lori. Wakamwambia asome daftari la majina, atakayeitwa atoke nje. Alisoma, jasho linadondoka juu ya karatasi. Langu lilikuwa la tisa. Akasoma la nane, akasoma la kumi. Aliruka majina sita siku ile, sijui kwa kipimo gani. Walipouliza sisi tuliobaki ni nani, akasema ni watoto wa majirani, hawajaandikishwa. Sisi sita tulitorokea dirishani tukakimbilia ziwani. Baadaye walilichukua lile daftari wakalisoma wenyewe. Mwalimu Meshaki hakuonekana tena.

Miaka hamsini na mitatu nakula, nalala, nimezaa, kwa sababu mwalimu alinyamaza. Halafu mimi, mimi huyu, nikamwandikia mwalimu amtoe mtoto. Nimeona aibu, Vestine. Nisamehe.

Sasa nisikilize. Jana nilikwenda kwa Anastasie anifungulie ule ukurasa. Neno la siri ulilomtumia bado linafanya kazi, na mimi pia natokea kwa jina lako. Nimeandika kwa kidole kimoja, imenichukua saa nzima: "Maneno ya shamba la Gatete niliyaandika mimi, mzee, kutoka Ujiji. Bibi huyo ni jamaa yangu wa zamani. Mwalimu hajui lolote." Ulisema ukurasa hausahau. Safari hii ndivyo ninavyotaka. Uongo ni dhambi, nitauungama nikifika, padre atanivumilia.

Maana nakuja. Abdul anavuka kesho na barua hii. Mimi nasubiri karatasi ya mpakani, nitapanda boti ya Jumatano. Dismasi akitaka kugombana, agombane na mzee mwenzake. Na kama ataniruhusu, nitamwuliza kama bibi mmoja akizikwa karibu na kijito, mchikichi upi utaacha kuzaa.

Naogopa. Usimwambie Aziza. Nichemshie maji ya magoti.

Alhamisi, wakikuuliza ni nani, lisome jina langu lote, kama lilivyokuwa kwenye daftari la Mwalimu Meshaki. Mimi nitakuwa nimekaa pale mbele, nitaitika.

Baba yako,
Nzigamasabo Venanti