Bega la Kulia na Nafasi Moja ya Arusha

Jumatatu, 3 Juni
Jimu tena baada ya kazi. Nimechuchumaa na chuma kizito mgongoni kuwapita wanawake wote. Wanaume wawili waliniangalia, halafu wakajifanya wanafunga viatu. Raha. Kisha Kocha Massawe akaharibu siku. Sisi tunaoanza twende kona ya mabega. Vile vyuma vidogo vya mkono, vya rangi ya waridi, kama vya kuchezea watoto. Inua pembeni, shusha polepole. Vuta mpira uliofungwa ukutani kuelekea usoni. Nikafanya kidogo, nikaenda kunywa maji. Sikurudi.

Neema alibaki pale mpaka mwisho. Tulianza wiki moja, yeye na mimi. Baba yake ni kibarua kwenye mashamba ya miwa hapa Moshi, ila kwao hasa ni Singida. Mikono myembamba, anafundisha chekechea. Kocha alisimama naye muda mrefu. Mimi hakunitafuta.

Jumatano, 5 Juni
Habari kubwa. Mashindano ya wanaoanza, Arusha, mwezi ujao. Katika uzito wetu tuko wawili tu, mimi na Neema, na nafasi ni moja. Kocha atachagua Jumamosi ya tarehe 22. Atakayesukuma chuma vizuri kutoka begani hadi juu ya kichwa ndiye anakwenda.

Naitaka hiyo nafasi. Miaka yote nashona sare za watoto wa watu na kusifiwa kwamba nina adabu. Nataka nisifiwe kwamba nina nguvu.

Jumamosi, 8 Juni
Uru, mlimani, kwa mama. Nimekata majani ya ng'ombe kule chini, nikayapandisha kichwani mpaka kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, bila kupumzika. Nikamweleza mama kuhusu mazoezi ya mabega. Alicheka mpaka akaweka chini kisu cha kumenyea ndizi.

"Wewe umebeba majani tangu darasa la pili. Mabega gani tena unatafuta?"

Kweli kabisa. Sisi wa mlimani tumekua na mzigo. Huyu wa tambarare atanishinda kwa lipi? Nimekula kiburu cha ndizi na maharage, sahani mbili. Kona ya mabega siendi tena.

Jumanne, 11 Juni
Neema ameongeza uzito. Kidogo tu, lakini Kocha kampigia makofi. Mimi nikaongeza mara mbili yake. Chuma kilipanda kikiyumba. Hakuna makofi. Kocha akasema mgongo unapinda na bega linacheza, nipunguze. Eti ulale benchi, uvute kutoka chini, usukume juu, kila chuma kinapita begani, na wanaoanza wengi safari yao hukatikia hapo. Nikasema sawa, kocha. Sikupunguza.

Neema akanifuata mlangoni. "Dada Aneth, tuwe tunavuta ule mpira pamoja. Hata mimi mwanzo nilikuwa naumia." Nikamwambia nawahi bajaji. Hapakuwa na bajaji yoyote. Nikatembea mpaka nyumbani Shirimatunda kwa hasira.

Namchukia kwa sababu ni mwema. Angekuwa na maringo ningepumua.

Ijumaa, 14 Juni
Nimemwona Neema kwenye kioo, kwa nyuma. Ana nyama mpya nyuma ya mabega, imejichora vizuri. Alikuwa anainua vile vya waridi, taratibu, midomo ikihesabu kama anafundisha watoto wake. Roho imeniuma hadi nikapoteza hesabu yangu mwenyewe.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji mimi sijaona uponyaji wowote.

Nimemwombea mafua. Njiani nikatubu. Kisha nikamwombea tena, ila madogo.

Jumatatu, 17 Juni
Bega la kulia. Nilikuwa nasukuma juu, kitu kikachoma kwa mbele. Nikashusha chuma, nikajifanya nimechoka. Hakuna aliyejua. Nimepaka dawa ya kuchua, chumba kizima kinanuka.

Alhamisi, 20 Juni
Bado linauma. Leo mkasi wa kukatia vitambaa umenishinda. Kuchana nywele pia. Sijamwambia mtu. Nikisema, nafasi inakwenda kwa Neema bila hata kushindana.

Sikio la kufa halisikii dawa. Mama angenipiga na hiyo methali. Ila mama naye alicheka.

Jumamosi, 22 Juni
Yamekwisha.

Neema alitangulia. Chuma kilipanda taratibu, kikasimama juu, kikatulia. Hata mimi niliona kuwa ni kizuri.

Zamu yangu, uzito ule ule. Kilifika usawa wa paji la uso. Hapo bega la kulia likakataa. Chuma kikaanza kunirudia. Watu wawili walikidaka, Kocha na Neema, na aliyewahi kufika ni Neema.

Kocha alinikalisha, akaligusa bega, akauliza utotoni nilikuwa nabeba nini. Nikamwambia kwa majivuno. Akatikisa kichwa. Mzigo wa kichwani unabebwa na shingo na mgongo na miguu. Mikono kazi yake ni kushikilia tu usianguke. "Ndiyo maana mgongo wako ni moto. Bega lako halijawahi kufanya kazi lenyewe. Dada zangu wa mlimani wote mnanijia hivyo hivyo, mnaniambia mmezoea mizigo."

Nimelia chooni. Neema anakwenda Arusha.

Jumatano, 26 Juni
Daktari anasema hakuna kilichochanika. Nipumzike, kisha nianze mazoezi mepesi. Akanionyesha. Ni yale yale ya kona. Nilitamani nimtupie kiatu.

Jioni Kocha kapiga simu. Neema anahitaji mwanamke wa kumsindikiza, na ameniomba mimi. Mimi! Nimetafuta sababu ya kukataa. Zote zilikuwa za aibu. Nimekubali.

Jumamosi, 6 Julai
Arusha. Ukumbi mdogo, baridi. Neema alishindwa kula asubuhi, nikamlazimisha ndizi moja. Nimemshikia koti na chupa ya maji.

Alipoitwa aligeuka akaniangalia. Hakumwangalia Kocha. Mimi nilitamani chuma kimshinde. Mara ya kwanza kikamshinda kweli, na sikupata raha niliyoitegemea. Alirudi kukaa, anahema. Nikamwambia asubiri pumzi irudi.

Mara ya pili kilikwama usawa wa paji la uso, pale pale kilipokwama changu. Nikajikuta nimesimama, mikono yangu yote miwili iko juu, nasukuma hewa. Wa kulia uliishia sikioni. Chuma chake kikaendelea mpaka mwisho, kikatulia.

Amekuwa wa nne. Amefurahi kama amekuwa wa kwanza.

Kwenye basi la kurudi alikaa upande wangu wa kushoto, upande usiouma. Alizunguka makusudi. Kabla hatujafika mbali akasinzia, kichwa kikaniangukia begani. Bado namwonea wivu. Nilikaa bila kujitikisa mpaka Moshi.