Mshenga wa Mama Yangu Mwenyewe

Iringa, Jumamosi, mwezi wa saba 1974. Saa kumi jioni.

Baridi ya huku haina adabu. Upepo umeingia kwenye miguu ya bugaluu langu mpaka najiona bendera. Lakini nisingevaa suruali nyingine leo. Mshenga lazima apendeze.

Ndiyo, daftari, mimi mshenga. Miaka ishirini tu, shule niliiacha darasa la sita kabla haijaniacha yenyewe, na tayari wazee wananituma posa.

Mzee aliyenituma ni baba. Mke niliyekuja kumposea ni mama.

Usicheke. Miaka mitatu iliyopita baba alimpa mama talaka moja, akaoa msichana wa Mbalizi. Eda ikaisha, mama akarudi huku Iringa kwa kaka yake, Mjomba Rajabu. Mimi nikabaki na baba Uyole. Sasa yule msichana naye kaondoka, na baba anajipikia ugali wenye mabonge. Juzi akaniambia, "Hamisi, kaniposee mama yako. Nikituma mtu mzima atarudishwa mlangoni. Wewe hawezi kukufukuza."

Mimi nikaona sifa. Njia nzima ndani ya basi nafanya mazoezi ya maneno, mpaka abiria wa pembeni akahama kiti.

Mjomba aliponiona na barua ya posa alicheka hadi akashika ukuta. "Mshenga gani huyu, suruali inafagia uwanja!"

Mama hakucheka. Alisimamisha cherehani, akauliza nimekuja kama nani.

"Kama mshenga," nikasema, kifua mbele.

Basi akanitolea kiti cha wageni, akajitanda kanga, akaniita Bwana Mshenga. Mama yangu mzazi! Chai ikaja kwenye kikombe chenye kisahani, vile ambavyo tangu utotoni naambiwa nisiviguse. Nikamwaga yote: baba ametulia, nyumba kaipaka chokaa, jina lako halimtoki mdomoni. Yalitoka matamu, naapa. Redio ingeninunua.

Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Bwana Mshenga, yule wa Mbalizi angekuwepo bado, ungekuja?"

Hilo sikulifanyia mazoezi.

Mjomba, sasa bila kicheko, akasema posa juu ya posa haifai. Mama ameshaposwa na amekubali. Aliyemposa ni Mzee Salum, fundi seremala wa mtaa wa pili, aliyefiwa na mkewe. Mama akanirudishia barua bila kuifungua.

"Mwambie aliyekutuma nimemsamehe. Lakini sirudi."

Halafu akaondoa kile kikombe, akaacha ule ugeni wote. "Haya, mshenga kaondoka. Hamisi mwanangu, umekula?"

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Nikasingizia moshi wa jikoni.

Tukala kwenye vigoda, ugali na maharage, sahani moja. Na nikiri hapa, kwa kuwa daftari halina mdomo: sikuja kwa ajili ya baba. Nilitaka nirudi nyumbani jioni nimkute mama uani, ananigombeza kwa kuchelewa. Nina ndevu nne, nazihesabu kila siku, na bado nataka hilo.

Mama akasema harusi hajaipangia siku. Alikuwa anasubiri anione uso kwa uso, siyo aniandikie. "Na wewe unaonaje, baba?"

Nikamega tonge jingine. Kama ningesema hapana, nadhani angeahirisha. Nililiona hilo machoni mwake, nikaogopa.

Nikauliza swali moja. Huyo fundi akiwa na shida, humtuma nani?

Mama akacheka, mara ya kwanza leo. "Huja mwenyewe. Hata barua ya posa aliileta mwenyewe. Mjomba wako alimgombeza nusu saa kwa kukosa utaratibu, naye kasimama tu pale mlangoni, kofia mkononi."

Akilini nikamwona huyo mzee pale mlangoni. Nikamwona baba pia, kajificha nyuma yangu.

"Basi, mama," nikasema, "panga siku."

Kesho napanda basi la asubuhi. Baba atakuwa kibarazani ananisubiri. Nitampa jibu kwa maneno ya mama, bila kuongeza langu hata moja. Kwa mdomo huu nilio nao, hiyo ndiyo kazi.