Uji wa Hamisi

Igogo, Mwanza

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima hapo Tabora, na miguu ya mama iwe imepata nafuu. Mimi nimeponea chupuchupu, na nina neno nawe.

Unajua tangu nimzike mwanangu nilikuwa silali wala sili. Daktari wa mjini alinipa vidonge vya huzuni, nikavikataa, nikasema kufiwa si ugonjwa. Hamisi hakubishana. Akawa anaamka kabla yangu, ananipikia uji wa ulezi, anakaa nami mpaka nimalize bakuli. Nikajivuna bombani kwamba nimepata mume.

Juzi pumu ilinibana, nikameza vidonge vyangu vya pumu vya siku zote. Hamisi aliniona. Akafungua mdomo, akaufumba, akarudi kwenye cherehani yake. Haukupita muda kichwa kikataka kupasuka kisogoni, shingo ikakakamaa, moyo ukadunda hadi masikioni, jasho likanilowesha. Majirani wakasema ni mashetani, wakatafuta ubani. Hamisi akaogopa, akanikimbiza hospitali. Uhuru umeleta bendera mpya pale, foleni ni ile ile.

Daktari wa pale aliuliza natumia dawa gani nyingine zaidi ya za pumu. Nikasema sina. Akamgeukia Hamisi.

"Bwana, mkeo anakufa. Kama kuna kitu, sema."

"Vile vidonge vya huzuni alivyovikataa namtilia kwenye uji," Hamisi akasema. "Daktari wa mjini aliniambia visichanganywe na dawa nyingine. Nilishindwa kumwambia. Dada yake ndiye aliyenishauri nimfiche."

Kumbe vidonge hivyo vimegongana na vya pumu, presha ikapanda; wakaishusha, nikapona. Daktari alisema vidonge vyenyewe si sumu, ila anayevimeza lazima ajue, na kichwa kikimpasuka ghafla namna ile apelekwe hospitali mara moja, dawa zote zitajwe. Waambie na majirani zako.

Hamisi nimemkasirikia, lakini yeye pumu yangu ameikuta ukubwani. Wewe ulinibeba mgongoni nikikosa pumzi, mama akiwa shambani. Hukukumbuka kumwonya kwamba nameza dawa za pumu? Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Imeniuma, dada, kuliko kichwa kile.

Msalimie mama, shemeji yangu fundi mwashi, na binti yako anayesoma.

Idi nitakuja kumwona mama. Nitalala kwako kama kawaida, ila uji wangu nitapika mwenyewe.

Mdogo wako,
Asha